Mwanafunzi wangu amerudi shuleni na saratani, na hasemi na mtu: nifanye nini?

Swali: "Daktari, pole na kazi. Mimi ni mwalimu wa darasa la nne. Mwanafunzi wangu wa miaka 10 ana saratani ya damu. Alikuwa nje ya shule miezi saba, sasa amerudi ingawa bado yuko kwenye dawa. Zamani alikuwa mchangamfu. Siku hizi hasemi, mapumziko anabaki darasani, na karibu kila Jumatatu analalamika tumbo na kuomba arudishwe nyumbani. Wazazi wameniomba nisiwaambie wenzake anaumwa nini, lakini minong'ono imeshaanza, na wapo wanaosema anaambukiza. Walimu wenzangu wanashauri akae nyumbani mpaka apone kabisa. Shule haina mwanasaikolojia. Mdogo wake naye yupo hapa hapa, darasa la pili. Naogopa kumsemesha nikamwumiza zaidi. Nifanye nini?"

Jibu: Mwalimu, nianze na hilo la kumkalisha nyumbani mpaka apone, kwa sababu huenda likapitishwa kikaoni kabla hujamaliza kusoma jibu hili. Tafadhali lipinge. Aina ya saratani ya damu inayowapata watoto wengi, lukemia kali ya limfu, hutibiwa kwa miaka 2 hadi 3. Miezi ya mwanzo ndiyo mizito, ya kulazwa na kuchomwa dawa mara kwa mara. Baada ya hapo hufuata kipindi kirefu cha dawa za kuendeleza tiba, nyingi zikiwa vidonge vya kumeza nyumbani, na katika kipindi hicho mtoto hutarajiwa kuwa shuleni. Akingoja apone kabisa atarudi akiwa na miaka 12 au 13, wenzake wameshamwacha mbali, naye hana rafiki hata mmoja. Kama daktari wake amemruhusu kurudi, amefanya hivyo baada ya kuangalia vipimo vyake vya damu. Kikao cha walimu hakina vipimo hivyo.

Ninafanya kazi na watoto wa wodi ya saratani. Huko, kutwa kucha, maneno anayoambiwa mtoto ni ya ugonjwa: nipe mkono, umekula, umetapika, umepata choo? Watu wazima wote wanaomzunguka wanamtazama kama mgonjwa, hata mama yake mzazi. Shule ndiyo mahali pekee ambapo mtu mzima anamuuliza saba mara nane ni ngapi, na akikosea anasahihishwa kama wengine. Usilichukulie jambo hilo kuwa dogo. Unasema shule haina mwanasaikolojia, nami ningependa mngekuwa naye. Lakini sehemu kubwa ya msaada wa akili anaouhitaji mtoto huyu ni kubaki mwanafunzi, na hiyo huwezi kuipata hospitalini hata tukiajiriwa wanasaikolojia kumi.

Niliwahi kumhudumia mtoto wa miaka 9 aliyelazwa wiki nyingi. Mwalimu wake hakuacha kuita jina lake asubuhi anapopitia daftari la mahudhurio, na darasa zima lilikuwa linaitikia, "Yuko hospitali, atarudi!" Siku moja walirekodi kwa simu wakamtumia mama yake. Yule mtoto aliisikiliza mpaka wauguzi wakaikariri. Mwingine, wa umri ule ule, alirudi shuleni akakuta dawati lake amepewa mwanafunzi mgeni. Alisimama mlangoni na begi mgongoni huku mwalimu akimtafutia kiti. Alinisimulia habari za kile kiti kwa kirefu kuliko alivyowahi kunisimulia sindano za mgongo.

Sasa tuje kwenye tumbo la Jumatatu. Wengi wangekuambia mara moja kwamba ni hofu ya shule, na huenda ikawa kweli. Lakini kabla ya kufika huko, waulize wazazi: dawa ya wiki anakunywa siku gani? Katika kipindi hiki cha tiba watoto wengi humeza methotreksati mara moja kwa wiki, na kichefuchefu chake kinaweza kuendelea hadi siku ya pili. Kama familia imechagua Jumapili usiku, Jumatatu yako imeshajieleza. Mweleze mzazi ulichokiona darasani, naye azungumze na daktari. Kuna dawa za kuzuia kichefuchefu, na pengine siku yenyewe inaweza kuhamishwa, ila daktari ndiye anayeamua. Dawa nyingine, vinkristini, hufanya choo kuwa kigumu na tumbo kusokota. Nimeona watoto walioitwa waoga kumbe hawajapata choo siku nne.

Ukishapata jibu hilo, omba ratiba nzima ya dawa uiweke kwenye droo yako. Mipango mingi ya tiba ina siku kadhaa za steroidi, vidonge vya aina ya homoni, katika kila mzunguko, mara nyingi siku 5 mfululizo. Siku hizo mtoto anaweza kuwa na njaa isiyoisha, kukosa usingizi, kulia bila sababu, au kumfokea rafiki aliyemwazima rula. Ukijua ni wiki ya steroidi hutamwita mkorofi, na hutampangia kusoma mbele ya darasa. Yeye mwenyewe naye anahitaji kuambiwa, kwa sababu wapo wanaodhani wamegeuka watoto wabaya: "Hasira hizi zimeongezwa na dawa. Zitapungua ukimaliza vidonge. Tukipatwa nazo, tutafanya hivi."

Ratiba ya dawa isipofanana na ratiba ya tumbo, hapo ndipo tutafute hofu. Jumatatu kwenu kuna nini? Kuna mstarini ambako anasimama na kofia mbele ya shule nzima? Kuna michezo anayobaki kuitazama tu? Kumbuka pia ametoka kwenye siku mbili za kukaa na mama, na kwa miezi saba mama ndiye alikuwa pembeni ya kitanda. Kuachana naye getini si jambo jepesi kwa mtoto aliyejifunza kwamba mambo mabaya hutokea ghafla. Katika hali hii kumrudisha nyumbani kila akilalamika kunaikuza hofu, maana mwili wake unajifunza kwamba nafuu iko nje ya geti. Mtafutie mahali pa kupumzika panapojulikana, dakika 15, maji, mtu mzima mmoja asiyemhoji, kisha anarudi darasani hata kama somo limebaki dakika kumi. Mkubaliane ishara: akiweka penseli pembeni kabisa ya dawati, unampa ruhusa atoke bila kuuliza mbele ya wenzake. Wengi wakishajua mlango uko wazi hawautumii sana.

Hapo kuna mpaka ambao sitaki uuvuke. Homa ya nyuzi 38 au zaidi kwa mtoto anayetumia dawa hizi si ya kupumzishwa wala kungojewa. Kinga yake inaweza kuwa chini kiasi kwamba maambukizi yakamzidi kwa saa chache. Wapigie wazazi papo hapo, nao wawasiliane na hospitali, na usimpe dawa ya kushusha homa kabla hawajaongea na daktari. Vilevile, mtoto yeyote shuleni akipata tetekuwanga au surua, wazazi wake wajulishwe siku hiyo hiyo, kwa kuwa kuna kinga anayoweza kupewa lakini muda wake ni mfupi. Nimeona walimu wanaokaa na wasiwasi kutwa kwa sababu hawajui waogope nini hasa. Ukishajua haya mawili, mengine utayabeba kwa utulivu, na utulivu wako yeye anausoma.

Unasema hasemi na mtu, na huenda unajiuliza kama ni sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha. Ugumu ni kwamba dalili nyingi za sonona hufanana na madhara ya dawa: uchovu, usingizi ulioharibika, kukosa hamu ya kula, kusahausahau. Kwa hiyo usizihesabu hizo. Tazama yale ambayo dawa haiwezi kuyaeleza. Je, kitu alichokuwa anakipenda, na ambacho mwili wake bado unakiweza, kama kuchora au hadithi, kinamfurahisha bado? Anajilaumu? Watoto wengi, hasa wadogo, huamini kimyakimya kwamba ugonjwa ni adhabu ya kosa walilofanya. Anaongea kana kwamba hakuna kesho? Huzuni ya mtoto pia huvaa hasira mara nyingi kuliko machozi. Ukiona hayo kwa wiki mbili hivi bila kupungua, wazazi waiombe hospitali impeleke kwa mtaalamu. Akisema anatamani kufa, au kwamba ingekuwa heri asingekuwepo, siku hiyo asiachwe peke yake, na wazazi waitwe kabla hajaondoka shuleni. Kumuuliza wazi anamaanisha nini hakumpandikizii wazo.

Watoto wengi wenye saratani hawapati ugonjwa wa akili. Huhuzunika na kuogopa, kisha hujenga tena maisha yao wakipata taarifa za kweli, utaratibu wa kila siku na marafiki. Baadhi huhitaji msaada wa ziada kwa muda, na wachache ndio wanaohitaji tiba ya kitaalamu. Hata hivyo usidhani unapaswa kubeba yote peke yako. Mwaka 2015 wataalamu wa saratani za watoto walichapisha viwango 15 vya huduma ya kisaikolojia na kijamii kwa watoto hawa na familia zao, na kimojawapo kinahusu masomo na kurudi shuleni. Maana yake ni kwamba kuzungumza na shule ni sehemu ya kazi ya timu inayomtibu. Waombe wazazi ruhusa ya maandishi, mpate mtu mmoja hospitalini, muuguzi au ofisa ustawi wa jamii, ambaye mtapigiana simu.

Niseme kuhusu siri, maana nadhani ndiyo inayomtesa zaidi. Wazazi wanaoficha huwa nawaelewa. Wanaogopa mtoto atatengwa, atahurumiwa, au atasikia neno "kufa" kutoka kwa mtoto mwenzake kabla wao hawajapata namna ya kulitamka. Na taarifa ni yao. Usiitoe bila ruhusa, hata kwa nia njema. Lakini nenda ukakae nao, uanze kwa kuuliza: "Yeye mwenyewe anajua nini, na ugonjwa wake anauitaje?" Wakati mwingine utagundua kwamba hata mtoto hajaambiwa. Mwanaanthropolojia wa Marekani, Myra Bluebond-Langner, alikaa na watoto wenye lukemia hospitalini, na mwaka 1978 alichapisha alichokiona: watoto wadogo sana walijua hali yao ilivyo ingawa hakuna aliyewaambia, na walinyamaza ili wasiwaumize wazazi wao. Wazazi wanamficha mtoto, mtoto anawaficha wazazi kwamba anajua, na kila upande uko peke yake na hofu yake. Ninayaona haya wodini mpaka leo. Kama nyumbani kwao hali ndiyo hiyo, kazi ya kwanza ni ya timu ya hospitali, kuwasaidia wazazi waongee naye. Si kazi yako.

Kama anajua, waeleze wazazi kwamba darasa limeshaanza kujitungia maelezo yake, na kwamba ukimya wa watu wazima unamfundisha mtoto kuwa ugonjwa wake ni aibu. Kisha aulizwe yeye mwenyewe. Nasisitiza hilo kwa sababu niliwahi kukosea. Miaka ya mwanzo ya kazi nilikwenda kuongea na darasa la msichana mmoja kwa idhini ya wazazi wake, bila kumuuliza yeye. Niliongea vizuri, walimu wakanishukuru. Yeye hakunisemesha wiki nzima, na aliponisemesha aliniambia, "Umewaambia hata habari ya nywele." Tangu hapo nakaa na mtoto kwanza, na karatasi: nini kisemwe, nini kisisemwe, nani aseme, awepo darasani au atoke.

Wakikubali, dakika 20 zinatosha. Watoto watauliza yale yale kila mahali. Inaambukiza? Hapana, huwezi kuipata kwa kugusana, kukaa pamoja wala kunywea kikombe kimoja. Kinyume chake ni kweli: mafua yenu ndiyo yanayoweza kumdhuru yeye, kwa hiyo tunawe mikono. Kwa nini hana nywele? Dawa zinapiga chembe zinazokua haraka, za saratani na za nywele pia, na nywele huota tena. Atakufa? Usilikwepe, wala usiahidi. Sema: "Ni ugonjwa mkubwa. Madaktari wanampa dawa kali ili apone. Watoto wengi wamepona kwa dawa hizi, na sisi tunataka apone." Kwa wewe mtu mzima nikuongezee kwamba katika nchi zenye uwezo, zaidi ya asilimia 80 ya watoto wenye saratani hupona, na kwenye nchi nyingi maskini bado ni chini ya asilimia 30. Ndiyo sababu mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilianzisha mpango wa kufikisha angalau asilimia 60 duniani kote ifikapo 2030. Usimtazame mtoto huyu kama anayeaga. Watoto huyaona macho ya namna hiyo kabla hujafungua mdomo.

Wazazi wakikataa kabisa, waombe ruhusa ya sentensi moja tu: "Anaendelea na matibabu, na ugonjwa wake hauambukizi." Haitaji jina la ugonjwa, na inavunja uongo unaomuumiza zaidi. Na atakayemwondolea kikombe au kumvua kofia ashughulikiwe kama mkosaji mwingine yeyote wa uonevu. Hapo huhitaji ruhusa ya mtu.

Kuhusu kumsemesha: usimwite ofisini, wala usimkalishe mbele yako ana kwa ana. Mwombe akusaidie kupanga madaftari, na mikono ikiwa na kazi mwambie: "Nimeona mapumziko unabaki ndani. Sijui ni miguu inachoka, au ni kelele, au kuna aliyekusema. Lolote liwe, naweza kulisikia." Kisha nyamaza, hata akinyamaza naye. Jibu linaweza kuja baada ya siku tatu. Nimetaja miguu makusudi, kwa sababu vinkristini hudhoofisha neva za miguu na mikono, mtoto akawa anajikwaa, na badala ya kukimbia akaanguka mbele ya wenzake anaamua kubaki ndani. Huenda pia ana kifaa cha kupitishia dawa chini ya ngozi ya kifua, na anaogopa mpira umpige hapo. Kila sababu ina dawa yake. Mara nyingi inatosha kumpata rafiki mmoja wa zamani na mchezo wa kukaa chini. Rafiki huyo usimpe cheo cha mlinzi, akianza kuripoti ameshaacha kuwa rafiki.

Na tafadhali, msimwite shujaa. Najua linasemwa kwa upendo. Lakini shujaa halii, shujaa haogopi, na mtoto akishavikwa jina hilo hana tena pa kupeleka hofu yake.

Katika masomo, punguza wingi usipunguze ugumu. Kama wengine wanafanya hesabu kumi, yeye afanye tano, lakini ziwe zile zile. Mwandiko ukiharibika jua huenda ni vidole, mwache ajibu kwa mdomo. Mpe muda zaidi kwenye mtihani. Dawa zinazopitishwa kwenye uti wa mgongo, na mionzi ya kichwa kwa wanaoipata, zinaweza kupunguza umakini, kasi ya kufikiri na uwezo wa kushika mambo kichwani, na wakati mwingine hilo hujitokeza miaka mingi baada ya tiba kwisha, nywele zimeota na watu wamesahau. Kwa hiyo andika kwenye jalada lake, kwa ruhusa ya wazazi, ili mwalimu atakayempokea darasa la sita au la saba asije akamwita mvivu. Pengine hilo litamsaidia kuliko yote utakayomfanyia mwaka huu.

Nawe utafute mtu wa kuongea naye. Kumpenda mtoto mgonjwa mwaka mzima kunachosha, na kuna siku utamfikiria usiku.

Hukuuliza chochote kuhusu mdogo wake, ila ulimtaja, na nashukuru. Miezi saba nyumba imekuwa nusu tupu. Pengine amelelewa kwa zamu na ndugu na majirani, na kila mtu mzima anayekutana naye anamuuliza, "Kaka anaendeleaje?" Watoto wa umri wake huweza kudhani wao ndio walioleta ugonjwa kwa ugomvi wa siku moja, au kwamba wao ndio wanaofuata. Wengine huwa wapole kupita kiasi ili wasiongeze mzigo, na kwa sababu hawasumbui hakuna anayewaona. Mwombe mwalimu wake wa darasa la pili amtazame. Kesho ukipishana naye uwanjani, muulize habari zake yeye: ana rafiki gani, jino limeshang'oka, anasoma hadithi gani. Ya kaka yake usiyaguse mpaka ayaanzishe mwenyewe.